TUIJUE BREKI YA LORI LETU: HEWA NA MAFUTA KATIKA KAZI MOJA



Wengi mtashangaa kuona somo la breki katika gazeti letu. Mmezoea tuzungumze juu ya visima, mbuzi wa maziwa, mikopo na kuandika kumbukumbu za mkutano. Lakini siku hizi vikundi vyetu vingi vina gari, au vinakodi gari kila wiki, na gari ni mali ya kikundi kama vile kisima. Tena kisima kikiharibika tunakosa maji. Gari likiharibika mahali pabaya, tunakosa watu.

Somo hili limetokana na ziara niliyofanya kwa kikundi kimoja katika milima ya Taita, upande wa Wundanyi. Wana lori la tani tano walilonunua kwa harambee na mkopo, la kupeleka kabichi, nyanya na pilipili hoho katika soko la Kongowea, Mombasa. Nilikuwa nimekwenda kuwafundisha kuweka hesabu za gari. Nilipofika nilikuta lori limeegeshwa uani kwa mwenyekiti, uso umebonyea, na mama mweka hazina anatembelea magongo mawili.

Lori lilikuwa limekosa breki kwenye kona za kuteremkia Mwatate. Dereva alifanya akili, akaliegemeza kwenye ukingo wa mlima badala ya kuliachia liende bondeni. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Lakini mweka hazina, aliyekuwa amekaa juu ya magunia kwa sababu mbele palikuwa pamejaa, alirushwa akavunjika mguu mahali pawili.

Basi tukakaa kuulizana. Dereva akasema breki zilikatika ghafla, hapakuwa na dalili yoyote. Wote wakakubali, hata mimi. Ndipo yule kijana taniboi akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mafuta ya breki tumekuwa tukiongeza kila Jumatatu. Hii ni wiki ya tano." Nikauliza, hayo mafuta yalikuwa yakienda wapi? Wakatazamana. Chini ya gari hapakuwa na tone hata moja.

Mimi si fundi. Haya ninayoandika nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa malori aliyefungua breki zile mbele yetu, kipande kwa kipande, sisi tumekaa juu ya mawe kama watoto wa shule. Baadaye nikasoma zaidi na kuuliza mafundi wengine. Nia yangu si kuwafanya nyinyi mafundi. Ni kuwawezesha kuuliza swali lile nililouliza mimi, lakini mliulize wiki ya kwanza.

AINA TATU ZA BREKI

Pikapu na gari dogo hutumia mafuta ya breki tu. Mguu ukikanyaga pedali, unasukuma pistoni ndani ya masta silinda, mafuta yanakimbia ndani ya paipu nyembamba mpaka kwenye magurudumu, na huko yanabana breki. Kuna kifaa cha kuongeza nguvu, lakini mguu na mafuta vimeshikana moja kwa moja.

Trela kubwa, yale ya magurudumu mengi yanayotoka bandarini, hutumia hewa peke yake mpaka kwenye gurudumu. Hakuna mafuta ya breki ndani yake.

Katikati ndipo lilipo lori letu. Malori mengi ya kati yaliyokuja kutoka Japani, kama Isuzu FRR na FSR, pamoja na mabasi yaliyojengwa juu ya chesisi za namna hiyo, yametumia mchanganyiko: hewa inatoa nguvu, mafuta yanapeleka nguvu hiyo kwenye magurudumu. Kwa nini wachanganye? Kwa sababu lori la tani kumi likiwa na mzigo ni zito kupita nguvu za mguu wa binadamu, kwa hiyo linahitaji hewa. Lakini vifaa vya hewa vya kwenye magurudumu ni vikubwa na vizito, na hewa huchelewa kidogo kufika. Mafuta yana haraka, na silinda zake ni ndogo zinazoenea ndani ya gurudumu. Basi wakachukua uzuri wa kila upande. Wakachukua na udhaifu wa kila upande, na hapo ndipo penye somo letu.

SAFARI YA HEWA

Injini ikiwaka huzungusha pampu ya hewa iitwayo kompresa. Kompresa hujaza matanki ya chuma yaliyofungwa chini ya bodi. Hewa hiyo hubanwa mpaka kilo 7 au 8 hivi kwa kila sentimita mraba, ambayo ni karibu sawa na ile ya ndani ya tairi la lori. Ikishatosha, kuna vali inayozuia isizidi. Mbele ya dereva kuna geji inayoonyesha kiasi kilichoko, na hewa ikishuka sana, kwenye malori mengi kama kilo 5 hivi, taa nyekundu huwaka au kengele hulia.

Shikeni neno moja hapa: kompresa inazungushwa na injini. Injini ikizimwa hakuna hewa mpya inayoingia. Kilichobaki ni akiba ya tanki, na kila ukikanyaga breki na kuachia, unasikia ule mlio wa psss. Huo mlio ni akiba inatoka, hairudi tena.

Kwa hiyo dereva aliyejifunzia pikapu ana tabia moja ya kumponza. Kwenye pikapu breki ikilegea, unapampu pedali mara mbili tatu na inarudi. Kwenye lori la hewa ukipampu hivyo unamwaga hewa yako. Kanyaga mara moja, shikilia.

Chini ya pedali hakuna masta silinda. Kuna vali ya hewa. Ukikanyaga kidogo, inaachia hewa kidogo. Ukikanyaga sana, inaachia nyingi. Vali hii ina sehemu mbili, moja ya breki za mbele na nyingine ya breki za nyuma, na kila sehemu ina tanki lake, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki. (Kuna malori mengine ambayo pedali husukuma mafuta kwanza, na mafuta hayo ndiyo yanaita hewa kusaidia. Fundi wenu atawaambia lenu ni la aina gani. Somo hili linahusu aina ya kwanza.)

JARIBIO LA BOMBA ZA SINDANO

Kabla ya kuendelea, fanyeni jaribio hili mkutanoni. Ombeni zahanati bomba mbili za sindano mpya, bila sindano zake, moja ndogo ya mililita 2 na moja kubwa ya mililita 20, na kipande cha mpira mwembamba wa kuziunganisha.

Kwanza jazeni maji kote, pasiwe na povu hata moja. Mama mmoja asukume ile ndogo kwa kidole gumba, na mzee mwenye nguvu azuie ile kubwa isitoke. Mtaona mama anamshinda mzee. Hapana uchawi. Maji hayakubali kubanwa, na msukumo uleule unapofika kwenye pistoni pana unafanya kazi mahali pengi zaidi, kwa hiyo nguvu inaongezeka. Ila angalieni jambo jingine: mama amesukuma mwendo mrefu, na ile kubwa imesogea kidogo tu. Nguvu ikiongezeka, mwendo unapungua.

Sasa mwageni maji nusu, muache hewa ndani. Sukumeni tena. Kidole kinaingia kama kwenye sponji na ile kubwa haiendi popote. Hewa inabanwa kwanza kabla ya kusukuma kitu.

Hivyo ndivyo breki yetu ilivyo. Upande wa kwanza hewa ni rafiki, ndiyo yenye nguvu. Upande wa pili, ndani ya paipu za mafuta, hewa ni adui. Fundi akibadilisha kitu chochote upande wa mafuta lazima atoe hewa yote, gurudumu moja baada ya jingine, mpaka mafuta yatoke bila povu.

BUSTA: MAHALI HEWA INAPOMKABIDHI MAFUTA

Kati ya hewa na mafuta kuna chombo kimoja ambacho mafundi wengine huita busta, wengine eamasta. Kwa kawaida ziko mbili, ya mbele na ya nyuma. Kwa nje inafanana na kopo kubwa la maziwa ya unga lililolazwa, lina mkia mwembamba. Ndani ya kopo mna pistoni pana inayosukumwa na hewa. Pistoni hiyo ina mti wa chuma, na mti huo unaingia mkiani na kusukuma pistoni nyembamba iliyomo ndani ya mafuta.

Tupige hesabu kwa mfano. Tuseme pistoni pana ina eneo la sentimita mraba 200, kama sahani ya kikombe iliyo pana kidogo. Hewa ya kilo 6 ikiisukuma, tunapata 6 mara 200, yaani kilo 1,200. Hiyo ni kama uweke juu yake zaidi ya magunia 13 ya mahindi ya kilo 90. Sasa nguvu hiyo yote inaegemea pistoni nyembamba ya sentimita mraba 10. Mafuta yanapata msukumo wa kilo 120 kwa kila sentimita mraba. Mafuta hayo yakifika gurudumuni kwenye silinda ndogo ya sentimita mraba 8, inasukuma kwa kilo 960. Na kila gurudumu lina silinda yake, mengine yana mbili. Yote hayo kwa mguu uliovaa sandali.

Gurudumuni mna vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vinaitwa shuu, vimegandishwa laini ya breki kwa nje. Silinda inavitanua, vinasugua dramu inayozunguka na gurudumu, na gari linasimama.

Turudi sasa kwenye swali letu la Wundanyi. Kati ya upande wa hewa na upande wa mafuta, ndani ya ile busta, kinachotenganisha ni raba ndogo kama pete. Raba ikichakaa, mafuta hupenya kidogo kidogo na kuingia upande wa hewa. Hayadondoki chini. Yanakaa ndani ya kopo, na mengine yanatoka kama ukungu pamoja na ile hewa ya psss. Mzee fundi alipofungua busta ya nyuma mafuta meusi yalimwagika karibu nusu lita, mweka hazina akapiga kelele, "Kumbe hayo ndiyo pesa zangu za kila Jumatatu!" Tukacheka, ingawa haikuwa jambo la kucheka.

MGUU HAUAMBIWI

Hapa ndipo nataka mkazie macho. Kwenye pikapu, mafuta yakipungua au laini zikiisha, mguu wako unajua. Pedali inaenda chini, inakuwa laini kama ugali wa jana. Hata dereva mvivu atashtuka.

Kwenye trela la hewa tupu, breki ya kuegesha hufungwa na springi kubwa za chuma, na hewa ndiyo inayozizuia zisifunge. Hewa ikiisha, springi zinashinda, magurudumu yanajifunga yenyewe. Ni hatari pia, lakini angalau gari linasimama.

Lori letu la mchanganyiko halina hata moja kati ya hayo mawili. Mguu unakanyaga vali ya hewa tu, haugusi mafuta. Mafuta yakiwa yamejaa au yamekwisha, pedali inakaa vilevile, ngumu kidogo, nzuri, ya kawaida. Busta inachofanya ni kwenda mbele zaidi kufidia upungufu, leo kidogo, kesho zaidi, mpaka siku moja inafika mwisho wa mwendo wake kama ile bomba ya sindano. Baada ya hapo hakuna nguvu tena, hata ukanyage kwa miguu miwili. Ndiyo maana dereva wetu alisema kwa moyo safi kwamba hapakuwa na dalili. Mguu wake haukuambiwa.

Tena kwenye malori mengi ya aina hii handibreki haishiki magurudumu kwa springi. Inavutwa kwa waya na kushika dramu ndogo nyuma ya giaboksi, kwenye propela. Hiyo ni ya kuegeshea, haikutengenezwa kusimamisha tani kumi zinazokimbia. Hewa ikiisha gari hili halijifungi. Malori mengine, hasa mapya zaidi, yana handibreki ya springi, kwa hiyo msibahatishe. Mwulizeni fundi swali hili moja: "Hewa ikiisha kabisa, lori letu litasimama au litakwenda?" Jibu liandikwe kwenye kitabu cha gari, ukurasa wa kwanza.

Waliotengeneza waliliona tatizo hili. Ndani ya busta nyingi waliweka swichi, busta ikienda mbele kupita kiasi taa inawaka kwa dereva. Kwenye lori la Wundanyi waya wa swichi ile ulikuwa umekatwa. Nani aliukata? Hakuna aliyejua, gari lilikuwa limepita mikono mitatu kabla yao. Lakini mtu anayenunua gari mkononi na kukuta taa za onyo haziwaki hata ufunguo ukizungushwa, ajue ameuziwa gari lililozibwa mdomo.

JOTO LA MTEREMKO

Breki haimalizi nguvu ya gari, inaigeuza kuwa joto. Lori la tani 10 likishuka mita 500 kutoka mlimani, na kama breki za magurudumu peke yake ndizo zilizolizuia, joto lililotoka latosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji baridi. Fikirieni sufuria za arusi. Joto hilo lote limeingia kwenye dramu na laini, na sehemu yake linapita mpaka kwenye mafuta.

Na mafuta ya breki yana tabia mbaya ya kunywa unyevu kutoka hewani. Yale ya namba DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Yakishakunywa maji, hata asilimia 4 haijafika, kiwango kinaweza kushuka mpaka nyuzi 140 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Mnakumbuka ile sponji? Gari likipoa mvuke unarudi kuwa mafuta, breki inarudi, na fundi anaambiwa "lakini ilikataa kabisa" naye haoni kitu. Ndiyo maana mafuta hubadilishwa yote kila baada ya muda, si kuongezwa tu. Kopo likifunguliwa na kukaa miezi stoo bila kifuniko kizuri, litupwe. Wala msikubali kuwekewa mafuta ya injini au maji ya sabuni "ya kufikia nyumbani". Mafuta ya injini huvimbisha raba za breki zote, na maji huchemka mapema na kuleta kutu.

Dawa ya mteremko ni injini. Dereva aingie mteremko akiwa tayari kwenye gia ya chini, ile ambayo angepandia mlima huohuo au chini zaidi, na atumie breki ya eksozi kama ipo. Hiyo hufunga bomba la moshi kwa kigae na kuifanya injini izuie gari. Breki ya mguu ikanyagwe kwa nguvu ya kutosha kupunguza mwendo, halafu iachiliwe ipate kupoa, badala ya kuegemea mguu juu yake kutoka kileleni mpaka chini.

Kinyume chake ni kuachia gari fri. Wote mnajua mchezo huu. Dereva anatoa gia, wengine hata wanazima injini, ati wanaokoa dizeli. Barabara kati ya Sachangwan na Salgaa imejulikana miaka mingi kwa malori yanayoteremka hivyo. Kwenye lori letu la hewa na mafuta, mtu anayezima injini mteremkoni amefanya mambo matatu kwa mkono mmoja: ameondoa uzito wa injini, ameua breki ya eksozi, na amesimamisha kompresa. Amebaki na akiba ya tanki na mafuta yanayokaribia kuchemka. Dizeli aliyookoa hata haifiki lita mbili.

DAKIKA KUMI ZA ASUBUHI

Haya yafuatayo yaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye macho, hata asiyejua kuendesha. Napendekeza kikundi kichague mwanachama mmoja asiye dereva wala taniboi, awepo kabla gari halijatoka.

Kwanza weka mawe magurudumuni. Fungua kikopo cha mafuta ya breki, tazama alama. Kiasi kilichoko kiandikwe kitabuni, na kila kinachoongezwa kiandikwe pia, na tarehe. Mafuta haya hayaliwi na gari kama dizeli. Laini zikiisha yatashuka kidogo kwa miezi mingi, basi. Yakipungua wiki hadi wiki, yanavuja, hata kama chini ni kukavu. Tazama nyuma ya kila gurudumu kwa ndani kama kuna unyevu, na kwenye tundu la busta linalopumua.

Washa injini, subiri geji ipande mpaka kwenye kiwango chake. Ikichukua muda mrefu kuliko ilivyozoea, kuna jambo. Zima injini, mtu akanyage breki na kushikilia, mwingine atazame geji kwa dakika moja na kusikiliza chini ya gari. Madereva wa Marekani hufundishwa kwamba lori lisilo na trela, breki ikiwa imekanyagwa, lisipoteze zaidi ya pauni 3 kwa dakika, ambazo ni kama sehemu mbili za kumi za kilo kwenye geji zetu. Yaani mkono wa geji usionekane kama unatembea. Halafu kanyaga na kuachia mara nyingi mpaka hewa ishuke, uone kama taa au kengele ya onyo inafanya kazi kabla hewa haijaisha.

Jioni gari likirudi, vuteni vali ndogo iliyo chini ya kila tanki ili maji yatoke. Hewa ina unyevu, na ikibanwa unyevu unakuwa maji. Huku kwetu karibu na pwani yanatoka mengi. Yakiachwa yanakula nafasi ya hewa, yanaleta kutu, na kutu inakwamisha vali. Kama badala ya maji yanatoka mafuta meusi mengi, kompresa imechoka.

Jambo moja la gereji, maana nimeliona mara mbili sasa. Silinda ya gurudumu moja ikivuja na spea haipo, kuna mafundi wanaobana ile paipu kwa koleo na kukuambia gari liko sawa. Haliko sawa. Gurudumu moja halishiki, gari litavuta upande mmoja siku ya mvua. Na stika ya ukaguzi wa NTSA isiwafariji sana. Ukaguzi ni wa mwaka, ile raba ya Wundanyi ilihitaji wiki tano.

NA SISI WENYE GARI

Ningependa kuishia kwenye vyuma, lakini kumbukumbu za mkutano wa kikundi kile nilizisoma. Mwezi mmoja kabla ya ajali dereva alikuwa ameomba pesa za kununua raba za busta. Hakujua kwa uhakika kilichoharibika, aliambiwa na fundi wa njiani. Kamati iliandika: "Ombi lisubiri mpaka msimu wa nyanya uishe." Wajumbe saba walikubali. Mweka hazina ndiye aliyependekeza. Aliponionyesha ukurasa ule hakusema kitu, akaufunga.

Simlaumu. Mkopo ulikuwa unadai, nyanya zilikuwa zinaoza, na mbele yao alikuwepo dereva anayesema gari linakwenda. Lakini tuone pia hali ya dereva. Ameajiriwa na watu arobaini, kila mmoja ana gunia lake juu ya gari, na simu inalia toka Kongowea saa kumi ya usiku. Akisema "leo siendi", nani atamsikiliza? Kikundi kile sasa kimeandika katika katiba yao kwamba dereva au mkaguzi wa asubuhi akikataa gari lisitoke, halitoki, na hakatwi mshahara. Pia wanatenga kiasi kutoka kila safari kwa ajili ya breki na matairi tu, katika bahasha yake, isiyokopwa hata kwa matanga. Na hakuna mtu tena juu ya magunia.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Gari letu, au lile tunalokodi, lina breki ya aina gani kati ya zile tatu? Nani kati yetu anajua kwa hakika, na nani anadhani tu?

2. Leteni kitabu cha gari. Mara ya mwisho mafuta ya breki kubadilishwa yote ni lini? Kama hakuna kitabu, tutaanza lini?

3. Kwa gari la kukodi, ambalo si letu, tutamwambiaje mwenye gari kwamba tunataka kutazama geji na kikopo kabla ya kupakia, bila kugombana?

4. Katika kumbukumbu zetu za mwaka huu, kuna ombi lolote la matengenezo lililoandikiwa "lisubiri"? Lisomwe kwa sauti.